Mkanda wa Nne

3 Machi

Mjomba wangu, shikamoo.

Naandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unajitungia mwenyewe. Mara ya mwisho nilikwambia nimepata kazi kwenye hifadhi ya filamu. Ukanipongeza kwa kupata kazi hifadhi ya wanyama, ukauliza kama simba wameshanizoea. Basi hakuna simba, kuna makopo. Nayafungua, nanusa mikanda kama imeanza kutoa harufu ya siki, naifuta vumbi, naandika hali yake, nairudisha kwenye rafu za baridi.

Mwezi wa tano tutakuwa na wiki nzima ya kuonyesha filamu ambazo watu walizipuuza zilipotoka. Mkurugenzi ametaka kila mfanyakazi alete moja na kuitetea mbele ya wenzake. Nikapekua rafu ya chini kabisa, nikakuta sanduku la mbao lenye makopo matano, na kwenye kifuniko kadi yenye mwandiko wako, ule wa herufi zinazolala kana kwamba zimetoka shamba. Juu yake umeandika "Pindo". Filamu ya baba.

Tangu nipate akili najua kwamba baba alitengeneza filamu moja tu, mama akaigiza, na ikaonyeshwa mara moja kwenye ukumbi ambao wewe ndiye uliyekuwa fundi wa mitambo ya kuonyeshea, wiki ile ile niliyozaliwa. Ndiyo maana upande wa mama wote mnaniita Sinema. Baba peke yake hajawahi kuniita hivyo, hata kwa bahati mbaya.

Jana nilimfuata studioni kwake. Alikuwa anampiga mteja picha ya pasipoti. Nikamuuliza kuhusu "Pindo", akasema, "Kaa wima, usicheke," nikadhani ananiambia mimi. Mteja alipotoka nikarudia swali. Akasema neno moja: "Choma."

Wewe ulikuwepo, Mjomba. Niambie kilitokea nini siku ile, na kama filamu hii inastahili kutazamwa tena.

Mpwa wako,
Sinema


11 Machi

Mpwa wangu Sinema,

Marahaba. Simba wasalimie hata hivyo.

Mimi nipo, natengeneza feni za watu. Ukumbi wetu siku hizi ni ghala la magodoro. Juzi nilipita nikachungulia, chumba changu cha mitambo kimejazwa mito hadi kwenye matundu ya kupitishia mwanga. Haujabadilika sana, maana watu walikuwa wakilala humo tangu enzi zetu.

Kuhusu hiyo filamu, mama, chagua nyingine. Tafuta ile ya mapacha wa kinyozi, au ile ya mwalimu aliyeuza saa ya shule. Hizo zilionewa kweli. Ya baba yako ilikuwa ya mtu anayejifunza, watu hawakuipenda, basi. Si kila kilichosahauliwa kimedhulumiwa. Baba yako anasema choma. Usichome, lakini sanduku lirudishe chini ulikolitoa. Yaliyopita si ndwele.

Kula vizuri. Picha uliyotuma umekonda.

Mjomba


20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Methali ile ina nusu ya pili nawe umeikata makusudi: tugange yajayo.

Nimeitazama. Nilifuata mpangilio ulio kwenye kadi yako, mkanda wa kwanza hadi wa tano, peke yangu kwenye chumba kidogo cha kazi. Sijalia hivyo tangu tumzike mama.

Unakumbuka hadithi yake? Mama ni fundi cherehani. Anawashonea sare watoto wa mtaa mzima, na gauni la binti yake mwenyewe linaning'inia msumarini bila pindo. Mume wake ni baba, ana nywele tele. Mama anaugua. Kwenye mkanda wa nne anazikwa. Baba anabaki peke yake, analitungua gauni, anashona pindo kwa mishono iliyopinda kama njia ya ng'ombe, mtoto analivaa anakwenda shule. Nikadhani imeisha. Kumbe kuna wa tano. Mama huyo hapo kwenye cherehani, mzima, anamcheka baba anayeshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Anamwonyesha kwenye kitambaa chakavu jinsi pindo linavyokunjwa. Anakata uzi kwa meno, anampa sindano, anasema, "Haya, sasa wewe." Skrini inakuwa nyeupe.

Na nimegundua jambo. Filamu nzima mama hatoki nyuma ya cherehani. Nilihesabu miezi nikaelewa. Cherehani ilikuwa inanificha mimi. Nimo kwenye filamu, Mjomba.

Nikawaonyesha wenzangu. Tuna mtaalamu mmoja tunamwita Miwani, kwa kuwa huwa na miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na bado anatafuta. Alisimama akasema miaka thelathini iliyopita hakuna aliyethubutu kumzika mtu halafu akamrudisha bila maelezo, kwamba mtengenezaji huyu alikinyima kifo neno la mwisho. Wamepiga kura. "Pindo" ndiyo itakayofunga wiki, tarehe 4 Mei. Mabango yanachapwa.

Sasa lililobaki ni baba. Hukuambiwa, maana hataki watu wajue: ana presha ya macho. Daktari anasema hadi mwisho wa mwaka huu atakuwa anaona mwanga na kivuli tu. Studio anaifunga. Aliikata na kuiunga filamu hii kwenye kimeza kidogo, lakini kwenye skrini kubwa hajawahi kuiona hata siku moja. Nataka aione angali anaona. Anakataa.

Nilitegemea utanisaidia kumshawishi. Badala yake umeniandikia kwamba haikudhulumiwa. Sikujua kuwa unamdharau baba, na nimeumia kujua.

Mpwa wako,
Sinema


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Hujajibu. Sitakubembeleza, ila nakuletea jambo ambalo baba amelisema, ili ujue unachokinyamazia.

Tulikuwa tunapanga vifaa vya studio kwenye maboksi. Akaanza mwenyewe, bila kuulizwa, amenipa mgongo. Anasema siku ile hakuweza kukaa ukumbini. Alivuka barabara akakaa kwenye ngazi za duka la vyombo, saa mkononi. Mama alikuwa wodini na mimi, nina siku tatu. Baba alijua kila mkanda unaanza dakika gani. Ilipofika dakika ya mazishi, akasikia kicheko kutoka ndani. Si cha mtu mmoja, ni ukumbi mzima. Kikapoa, kikaanza tena.

"Walimcheka mama yako akizikwa," akaniambia. "Nilimtoa mbele ya watu akiwa na wewe tumboni, wakamcheka."

Akapanda baiskeli akaenda hospitali. Mama akamuuliza imekuwaje. Akamwambia watu walilia. Wiki nzima iliyofuata vijana wa mtaani walimpigia kelele, "Marehemu hajambo?" naye akainamisha kichwa akapita. Hakushika kamera ya filamu tena. Mama alimuuliza miaka yote kwa nini hatengenezi nyingine, akamjibu hana nafasi. Mama amekufa akijua watu walilia.

Mimi simwelewi mtu anayecheka mazishi yale. Wewe ulikuwa juu, unawaona kupitia tundu. Walikuwa wanacheka nini?

Sinema


9 Aprili

Sinema mwanangu,

Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili nimewashia jiko. Hii naipeleka posta kabla roho haijabadilika.

Simdharau baba yako. Aliyeua filamu yake ni mimi.

Siku ile aliyaleta makopo kwa baiskeli, mvua inanyesha. Namba alikuwa ameziandika kwenye karatasi na kuzibandika kwa gundi. Zilifika tatu: moja, mbili, tatu. Makopo mawili yalifika bila namba. Moja halikuwa na kitu kabisa. Jingine lilikuwa na neno moja, kwa rangi nyeupe ya mafuta ambayo mvua haiwezi kuitoa: MWISHO.

Ungefanyaje? Lisilo na kitu nikaliita la nne. La MWISHO nikaliita la mwisho. Nikaandika kadi, nikaibandika kwenye kifuniko.

Sasa kazi hii unaijua, hivyo utanielewa kuliko mtu mwingine. Mkanda ukishatazamwa, mwanzo wake unakuwa ndani na mwisho wake unabaki nje. Baba yako alikuwa ameutazama mkanda wa nne mezani kwake mara ya mwisho, hakuugeuza, akaandika MWISHO kunikumbusha kwamba mwisho ndio ulio nje, niugeuze kabla ya kuonyesha. Kila fundi anaijua alama hiyo. Mimi mwenyewe nimeiandika mara nyingi tu. Na nilipolifungua kopo nikakuta kweli mwisho uko nje, nikaugeuza kwa mikono yangu hii, na bado akili haikushtuka. Watu walikuwa wanagonga viti. Mbele ya kila mkanda kuna kipande kitupu, na mama yako alikuwa ameandika namba pale kwa wino, ndogo kama sisimizi. Ilitosha nitazame. Sikutazama.

Kwa hiyo nilimzika dada yangu kwanza, kisha nikamrudisha kwenye cherehani. Watu waliolia mazishini kamasi bado hazijakauka, wanamwona marehemu anacheka. Mmoja akapiga kelele, "Maiti inashona." Ukumbi ukaanguka. Walikuwa wanacheka kosa langu, Sinema, hawakumcheka mama yako. Baba yako, kwa saa yake, alidhani ni mazishi.

Asubuhi yake, narudisha mikanda kwenye makopo, nikaziona namba. Kalamu nilikuwa nayo sikioni. Kuirekebisha kadi ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nikaogopa kufukuzwa, na nilimwogopa dada kuliko kufukuzwa. Nikajiambia nitakwenda kwa shemeji kesho. Hiyo kesho ndiyo leo.

Dada alipotoka wodini aliniuliza, "Ule wenye MWISHO uliugeuza?" Nikamjibu, "Niliugeuza." Ni kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Aliridhika, akanipa wewe nikupakate.

Nilipokuambia uirudishe chini nilikuwa najificha mimi. Mwambie huyo Miwani hakuna aliyekinyima kifo chochote, ni fundi mmoja mzembe na mvua. Uliuliza kama filamu ya baba yako inastahili kutazamwa mara ya pili. Bado haijatazamwa ya kwanza.

Mjomba


15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo nimeiacha makusudi. Nitaileta nikiweza.

Nimefungua makopo. Namba zipo. Nne. Tano. Nne ya mama ina kale kamkia kake. Nilikaa sakafuni nikazitazama mpaka mlinzi akauliza kama naumwa. Na usidhani sijioni. Namba zilikuwa mbele ya macho yangu mwezi mzima, kazi yangu ni kuzitazama, nikafuata mwandiko wako kwa sababu ni wako.

Nimeipanga upya nikaiona. Mjomba, ni nzuri. Mama anamfundisha baba kushona kwa kicheko, na sisi tunaotazama hatujui kwamba anaaga. Halafu anazikwa. Halafu baba anatunga uzi kwenye sindano, peke yake, mara ya kwanza tu, unapita. Hakuna maneno. Ukiwa umemwona akishindwa kwenye mkanda uliotangulia, pale ndipo roho inapasuka. Hicho ndicho walichonyimwa watu wa ukumbi wako.

Miwani hajafurahi. Anasema sasa ni filamu nzuri ya kawaida. Mkurugenzi anasema mabango yameshatoka na yameandikwa "Filamu iliyomfufua marehemu", tuiache ilivyo, nani atajua. Nikamwambia atajua baba, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa pembeni yake. Nikasema waionyeshe kwa mpangilio wa mama au waionyeshe bila mimi. Tumenuniana siku mbili, wakabandika karatasi juu ya mabango.

Baba sijamwambia kitu. Umenitwisha mimi neno lako nikalibeba hadi hapa. Kutoka hapa mpaka kwake ulipeleke mwenyewe. Sitaki afe, wala awe kipofu, akiamini watu walimcheka mama.

Sinema


6 Mei

Mjomba, shikamoo. Moja ni ya barua hii, na nyingine ni ile niliyokubania.

Barua yako kwa baba ilifika tarehe 30. Aliisoma kwa ile lenzi yake ya kukagulia picha, mstari mmoja mmoja, pua imegusa karatasi. Sikuulizwa kusaidia na sikujaribu. Alipomaliza akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Siku nne hakusema nawe wala kukusema. Jumamosi asubuhi akatoka amevaa suti ya harusi yake, inambana, akauliza, "Onyesho ni saa ngapi?"

Nilikuwekea kiti. Najua ungeshindwa kukikalia, lakini nilikiweka.

Ukumbi haukujaa, nisikudanganye. Tulikuwa watu tisini hivi. Kwenye mkanda wa nne, baba aliposhindwa na sindano na mama akacheka, watu wote walicheka naye. Baba alinikamata mkono. Nadhani hakuwa amejua kwamba pale panachekesha. Kwenye wa tano hakuna aliyekohoa. Nyuma yetu kulikuwa na bibi mmoja analia bila aibu. Baba akageuka, akamwangalia kwa muda mrefu, jinsi anavyoangalia siku hizi, kwa ncha ya jicho. Akaninong'oneza, "Analia yule, au macho yangu?" Nikamwambia analia.

Miwani alikuja baadaye, miwani yote miwili mkononi, anajifuta. Akasema ametafakari, kawaida si tusi.

Leo baba ameomba karatasi na rula. Sijui anaandika nini.

Mpwa wako,
Sinema


8 Mei

Shemeji,

Naandika kwa kufuata ukingo wa rula. Mstari ukipanda juu ya mwenzake, vumilia.

Kwanza lile neno. Niliandika MWISHO. Ilitakiwa niandike MWISHO NJE. Rangi ilikuwa inaishia kikoponi, nikasema wewe ni fundi, utaelewa. Neno nililobana ni "nje", na nje ndiko nilikokuwa nimekaa mimi na saa yangu wakati nyinyi mko ndani. Ningevuka barabara tu ningeona kosa, ningepanda ngazi nikakugongea mlango, tukaugeuza mkanda tukaanza upya. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Tulikuwa wawili.

Nisikufiche, siku zile nne nilikuchukia sana. Nilikuchukia hadi chakula kikakosa chumvi. Miaka thelathini na moja si michache, na dada yako alikuwa humo ndani akiniuliza kwa nini sitengenezi nyingine. Halafu nikakumbuka na mimi nilimwambia watu walilia. Tulimdanganya wote wawili, kila mtu kwa mlango wake. Jumamosi watu wakalia. Uongo wangu umechelewa lakini umekuwa kweli, na nimefika kaburini kwake kumwambia.

Sasa nina ombi. Sinema amenipatia ule ukumbi mdogo wa kazini kwao, Alhamisi ijayo mchana. (Ndiyo, nimemwita hivyo. Alilia kuliko alivyolia kwenye filamu.) Tutakuwa sisi watatu tu. Nataka utuonyeshe "Pindo" kama ulivyoionyesha wewe.

Usishangae. Mpangilio wangu nimeuona, na nashukuru nimeuona na macho yangu. Ni filamu nzuri, sasa najua. Lakini mle dada yako anazikwa na mambo yanaishia hapo, na hayo nimeshayaona mara mbili, moja ikiwa ya kweli. Macho niliyobakiza sitaki kuyamalizia kaburini. Mzike kwenye wa nne. Halafu mrudishe. Akae kwenye cherehani yake, anicheke ninavyohangaika na uzi, aukate kwa meno, aseme lile neno lake. Skrini ikishakuwa nyeupe haina neno, weupe daktari ameniachia.

Mashine yao ni ya zamani na vijana wa hapa wanaiogopa. Tunakusubiri. Na safari hii sitakaa nje.

Kuandika niliandika mimi, kuigiza aliigiza dada yako, kutunza ametunza Sinema.

Haya, sasa wewe.

Shemeji yako